Mwalimu, Magogoni na Ubishi wa Imani na Utii

Mtu anaokolewa kwa imani au kwa utii? Ubishi huu hauishi kwenye mabweni yetu. Kuna wanaosema ukiamini umemaliza, matendo yatakuja yenyewe kama shukrani. Kuna wanaowajibu: wewe unayeamini halafu unaingia na desa kwenye mtihani, umeokoka nini hapo? Wa kwanza wanamfuata Mtume Paulo, aliyewaandikia Warumi kwamba mtu hahesabiwi haki kwa kushika sheria. Wa pili wanashika Waraka wa Yakobo, ambao hauoni uhai wowote katika imani isiyozaa matendo.

Ukishuka mjini utaukuta ubishi huohuo umesimama kwa mawe. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na Kanisa la Azania Front la Walutheri ni majirani, yote yakitazama bandari, yote yamejengwa enzi za Mjerumani. Wenye makanisa hayo walirithi ugomvi wa Ulaya wa karne ya 16. Fuata bahari kwa mguu kuelekea Feri, unafika Magogoni, ilipo Ikulu. Pale alifanya kazi mtu ambaye, kwa maoni yangu, maisha yake yanatufundisha kuhusu swali hili kuliko mahubiri mengi: Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Hakuzaliwa ndani ya Ukristo. Dini aliisoma akiwa mwanafunzi, akabatizwa Desemba 1943 akiwa na miaka 21, akachukua jina la Julius. Yaani alichagua mwenyewe, akili zikiwa timamu. Tangu hapo mpaka uzeeni alikuwa mtu wa misa, na si ya Jumapili peke yake.

Imani hiyo ilimgharimu mapema. Baada ya Makerere na Edinburgh alikuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954 yeye akiwa rais wake, na mwaka 1955 akatakiwa kuchagua: chaki au siasa. Ana mke, familia bado changa, na siasa za wakati ule hazikuwa na posho. Akaacha kazi.

Sasa twende kwenye siku inayotuhusu sisi moja kwa moja. Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Mlimani pamoja na wenzao wa vyuo vingine waliandamana mjini kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilikuwa imeamua wasomi walitumikie taifa kwa miaka 2, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Safari iliishia Ikulu, na Mwalimu akatoka kuwasikiliza. Katika tamko lao walimwambia kwamba hata wakienda, itakwenda miili tu. Roho zao hazitakuwemo.

Hebu tulitazame tamko hilo kwa macho ya Paulo. Hao vijana walikuwa wanampa mtawala utii usio na imani: sheria ishikwe, moyo ubaki nyumbani. Na Mwalimu aliukataa. Aliwaambia hamchukui hata mmoja ambaye moyo wake haumo, akawarudisha makwao, karibu wanafunzi 400. Lakini hakuishia kwa wanafunzi. Waliposema wakubwa wanalipwa vinono, alikubali kwamba ni kweli, akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mawaziri nao wakakatwa. Hapo Yakobo naye akapata haki yake. Haikupita miezi minne, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha.

Wapo wanaosema adhabu ile ilikuwa kali mno kwa vijana waliosema tu ukweli wa mioyo yao. Mimi nao nawaelewa. Wengi walikuja kurudishwa chuoni, na huenda hiyo ndiyo sehemu ya hadithi tunayoisahau: kati ya imani na utii kuna neema, na bila neema mwanafunzi hana pa kurudia.

Ila maisha ya Mwalimu hayakuwa mstari ulionyooka. Katika andiko lake la mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alisisitiza kwamba watu wajiunge kwa hiari. Novemba 1973 hiari ikageuka amri: hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wameshahamia kwenye vijiji. Malori yakaja, na kuna mahali nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Shule, zahanati na maji vilisogea karibu kweli, hilo halipingiki, lakini mashamba ya pamoja yalidorora. Mtu yule yule aliyekataa miili ya wanafunzi 400 bila mioyo yao, sasa alikubali miili ya mamilioni. Utii ulipatikana. Imani haikubebwa kwenye lori.

Alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Huko pia alitunga tenzi za Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zikachapishwa mwaka 1996. Kwa hiyo alipita na kalamu yake kwenye ile simulizi ya Matayo ya baba mwenye wana wawili: mmoja alikataa kwenda shambani, kisha akajirudi akaenda, mwingine aliitikia vizuri sana, hakutia mguu. Yesu anauliza ni yupi aliyefanya alilotaka baba. Kila nikiisoma nawaona wale vijana wa 1966, na namwona Mwalimu pia.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Siku 17 baadaye, tarehe 31 Oktoba, Wakatoliki na Walutheri walitia saini kule Augsburg, Ujerumani, tamko la pamoja: mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa kumwamini Kristo, na matendo mema ni matunda ya hilo. Ugomvi wa karibu miaka 500 ulipungua makali, na majirani wa pale bandarini wakabaki na sababu chache za kununiana.

Tangu mwaka 2005 Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulianzia Jimbo la Musoma. Kama ameokoka au la, si kazi ya jarida la wanafunzi kuamua. Ninachokiona mimi ni kwamba Paulo, yule yule wa imani, anaufungua Waraka kwa Warumi na kuufunga kwa kutaja utii unaotokana na imani. Kwake havikuwa vyama viwili. Basi jioni ubishi ukianza tena bwenini, tusiulizane tu nani anaamini na nani anatii. Tuulizane kile tunachodai kukiamini kimetukata asilimia ngapi.