Marehemu Edward Tingatinga: Alianza na Kipande cha Hadibodi



Katika kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu tumeona tusizungumzie akiba na mikopo peke yake. Tueleze pia maisha ya mtu aliyejiajiri hapa hapa Kinondoni, naye ni marehemu Edward Saidi Tingatinga. Picha za tingatinga tunaziona kila siku, ila wengi wetu hatujui mwenye jina alianzaje.

Marehemu alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma. Shule aliyosoma ilikuwa ya miaka michache tu. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na bustani kwa Mzungu. Kazi hiyo ilipokwisha alihangaika kama tunavyohangaika sisi: vibarua, kupiga muziki, kuuza mboga na matunda. Kwa muda alifanya kazi pia Hospitali ya Muhimbili.

Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Chuo cha sanaa hakukiona, na vifaa vya wachoraji wa Ulaya hakuwa na pesa ya kuvinunua. Basi alichukua vipande vya hadibodi vya futi 2 hivi kila upande, na rangi ya kung'aa ile ya kupaka baiskeli. Huo ndio uliokuwa mtaji wake. Alichora anavyovijua: tembo, chui, ndege na maisha ya kijijini.

Wala hakukaa nyumbani kungoja wateja. Wanunuzi walikuwa wageni wanaoishi Oysterbay, kwa hiyo picha zilipelekwa Morogoro Stores, mahali wanapokuja kununua mahitaji yao, zikapangwa nje chini ya mti. Mkewe, Agatha, alisaidia kuuza. Akina mama, hili tulikumbuke: kila tunapomsifu mchoraji, na muuzaji naye asisahauliwe.

Biashara ilipochanganya, marehemu hakuficha ujuzi. Wengine wangeogopa kunyang'anywa soko, lakini yeye aliwafundisha jamaa na marafiki, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Matambwe, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata.

Halafu likatokea la kutokea. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na uchoraji wake ulikuwa umedumu miaka 4 tu. Aliacha mke na watoto wadogo.

Hapa ndipo penye somo chungu. Aliyejiajiri hana pensheni. Mkono ukisimama, na pesa imesimama siku ile ile. Jina la Tingatinga lilizidi kukua, picha zake za mwanzo zikatafutwa na matajiri wa Ulaya na Japani, lakini sifa za baadaye haziwezi kulisha watoto wa leo.

Kilichookoa kazi yenyewe ni umoja. Wengi wa wale wanafunzi hawakutawanyika. Waliendelea kuchora na kuuza pamoja pale pale Oysterbay, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao. Vijana wengi wamepata riziki kwa njia hiyo, hata wasiomjua marehemu kwa sura.

Ndugu zetu, sisi nasi tulianza na vitu vidogo: sufuria ya maandazi, ndoo ya samaki, cherehani ya kuazima. Tusidharau mwanzo huo. Lakini kila wiki tunapoweka akiba, na hasa tunapochangia mfuko wa matatizo, tusione kama tunapoteza hela. Tunawawekea watoto wetu kile ambacho marehemu hakupata muda wa kuwawekea wake.

Mungu ailaze roho yake mahali pema.