Profesa Smith na Silikanti: Maisha ya Mtafiti Aliyewasikiliza Wavuvi

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Mwananchi wa Kongowe, wilayani Kibaha, anayenunua kitoweo cha samaki jioni kando ya Barabara ya Morogoro, ni nadra kujiuliza ni nani aliyewachunguza samaki wa bahari yetu na kuwapa majina wanayojulikana nayo duniani. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo yumo Profesa James Leonard Brierley Smith, ambaye maisha yake yaligusa pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya mara moja.

Smith alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikuwa askari katika kampeni ya Afrika Mashariki, akapata maradhi yaliyodhoofisha afya yake kwa maisha yake yote. Baada ya vita alisomea kemia hadi kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kisha akafundisha somo hilo mjini Grahamstown. Elimu ya samaki aliisoma mwenyewe, katika saa zake za mapumziko.

Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji wa East London, alimpelekea barua yenye mchoro wa samaki wa ajabu aliyevuliwa na meli karibu na mlango wa Mto Chalumna. Mapezi yake yalikuwa na mashina ya nyama mithili ya miguu. Smith alimtambua kuwa ni silikanti, jamii ambayo wanasayansi waliamini kuwa ilitoweka takriban miaka milioni 70 iliyopita. Mwaka 1939 alimpa jina Latimeria chalumnae, kwa heshima ya mwanamke huyo na mto ule. Hata hivyo, viungo vya ndani vilikuwa vimekwisha kutupwa, na bila hivyo maswali mengi hayakuwa na majibu.

Kwa miaka 14 Smith alimtafuta samaki wa pili. Aliacha ualimu wa kemia, akajitoa kikamilifu kwa utafiti wa samaki, na mwaka 1949 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu samaki wa bahari za kusini mwa Afrika. Yeye na mkewe, Margaret, walisafiri pwani ya Msumbiji, Kenya, Pemba na Unguja. Walisambaza vipeperushi vyenye picha ya silikanti na ahadi ya zawadi ya pauni 100, kwani Smith aliamini kwamba habari za samaki huyo zingetoka kwa mvuvi kabla ya kutoka kwa msomi.

Imani hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1952, huko Zanzibar, walikutana na nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Visiwa vya Komoro, naye akachukua vipeperushi. Desemba mwaka huohuo mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua silikanti katika kisiwa cha Anjouan. Hunt alimhifadhi kwa chumvi na dawa, akapeleka simu ya maandishi. Smith alisafiri kwa ndege ya jeshi kumfuata. Wakomoro, kwa upande wao, walikuwa wakimfahamu samaki huyo siku zote kwa jina la gombessa.

Maisha ya mtafiti huyu hayakukosa dosari. Samaki wa pili alimpa jina jipya, Malania, kwa kuwa alipungukiwa pezi moja. Baadaye ilithibitika kuwa ni wa aina ileile. Aidha, alitumia baruti kukusanya sampuli kwenye miamba ya matumbawe, njia ambayo leo inafahamika kuwa huangamiza mazalia ya samaki.

Smith alifariki dunia Januari 1968. Hakuishi kuona silikanti akivuliwa Tanzania mwaka 2003 katika eneo la Songo Mnara, Kilwa, na baadaye kwa wingi zaidi mkoani Tanga, wengi wakinaswa katika majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Silikanti huzaa watoto hai na huongezeka polepole. Kila mmoja anayepotea ni hasara isiyofidiwa upesi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa milipuko. Kwa wananchi wa Mkoa wa Pwani, kuanzia wavuvi wa Bagamoyo, Mkuranga, Kibiti na Mafia hadi walaji wa Kongowe, kukataa samaki wa baruti na kutoa taarifa kwa ofisa uvuvi kila anapoonekana samaki asiye wa kawaida ni kuilinda hazina ambayo Smith aliitafuta kwa miaka 14, nayo ilikuwamo katika maji yetu wakati wote.