Avogadro: Mwanasheria aliyewafundisha wanakemia kuhesabu

KATIKA Kisiwa Panza, wilayani Mkoani, Pemba, ambako maji ya bahari yamekuwa yakiingia katika mashamba ya mpunga, chumvi si jambo geni. Mwanafunzi wa kemia akipewa gramu 117 za chumvi safi na kuulizwa ni moli ngapi, hujumlisha 23 za sodiamu na 35.5 za klorini, akapata 58.5, kisha akagawanya 117 kwa jumla hiyo. Jibu ni moli 2. Hesabu hiyo fupi imesimama juu ya fikra ya mtu aliyefariki kabla wenzake hawajamkubali.

Mtu huyo ni Amedeo Avogadro, aliyezaliwa Agosti 9, 1776, mjini Turin, katika nchi ambayo sasa ni Italia. Alitoka katika ukoo wa wanasheria, naye alipata shahada ya udaktari wa sheria za kanisa akiwa na umri wa miaka 20. Hata hivyo, mwaka 1800 alianza kujisomea hisabati na fizikia, na mwaka 1809 akawa mwalimu mjini Vercelli.

Wakati huo wanasayansi walitatizwa na fumbo moja: lita mbili za haidrojeni zikiungana na lita moja ya oksijeni hutoa lita mbili za mvuke wa maji. Oksijeni moja iliwezaje kuenea pande mbili? Mwaka 1811 Avogadro alieleza kuwa gesi zenye ujazo sawa, katika joto na mgandamizo sawa, huwa na idadi sawa ya molekuli, na kwamba molekuli ya oksijeni hugawanyika nusu kwa nusu.

John Dalton wa Uingereza, bingwa wa nadharia ya atomu, aliamini kuwa atomu za aina moja haziwezi kushikamana. Hoja ya Avogadro ikawekwa kando kwa karibu nusu karne, huku wanakemia wakihitilafiana juu ya uzito wa atomu na hata juu ya muundo wa maji.

Mwaka 1820 aliteuliwa kuwa profesa mjini Turin, akakipoteza kiti hicho miaka michache baadaye kufuatia misukosuko ya kisiasa. Alikirejea baada ya zaidi ya miaka kumi, akafundisha hadi mwaka 1850.

Alifariki Julai 9, 1856. Miaka minne baadaye, katika mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, Ujerumani, Mwitaliano mwenzake, Stanislao Cannizzaro, aliifufua hoja yake, na uzito wa atomu ukaanza kupata mwafaka. Mwaka 1909 Mfaransa Jean Perrin alipendekeza idadi ya chembe zilizomo katika moli moja ipewe jina la Avogadro. Idadi hiyo, iliyowekwa rasmi Mei 20, 2019, ni takriban 602 ikifuatiwa na sufuri 21. Mwenye jina hakuwahi kuijua.