Tippu Tip na kikofia cha fataki

Huku Kiptere, Kericho, ninakofanya kazi, wenyeji humkumbuka Koitalel arap Samoei, aliyeuawa Oktoba 1905. Juni ya mwaka huohuo, sisi watu wa Pwani tulimzika Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, mjini Unguja. Jina lake lasemekana lilitokana na mlio wa bunduki zake.

Wengi wa watu wake walishika magobori. Gobori hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, kisha fataki, kikofia kidogo cha shaba, huvikwa nyuma juu ya kichuchu. Ikilegea huanguka, ikibana haikai sawasawa, kinyundo huipiga isilipuke, ikipata unyevu ni bure.

Mwaka 1887 alikubali kumpa Stanley wapagazi 600. Baadaye alilalamika kwamba baruti aliyoahidiwa haikuletwa. Wapagazi walichelewa karibu mwaka mzima, na kambini Yambuya wengi walikufa wakingoja, wakiwemo Wazanzibari.

Simtukuzi, utajiri wake ulikuwa pembe na watumwa. Lakini somo lipo: aliyetisha Manyema yote alitegemea kikofia kilichotoka Ulaya, na hatimaye wenye viwanda ndio walioitwaa nchi.