Jon Postel, mtunza daftari la anwani za intaneti

BARUA iendayo Kwale huandikwa msimbo 80403, na iendayo Msambweni 80404. Tarakilishi nazo haziwezi kupelekeana ujumbe bila nambari. Kwa karibu miaka 30, daftari la nambari hizo lilikuwa mikononi mwa Mmarekani mmoja aliyependa kuvaa makubadhi na kufuga ndevu ndefu, Jonathan Bruce Postel.

Alizaliwa Agosti 6, 1943, mjini Altadena, California. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mtandao wa Arpanet, mtangulizi wa intaneti, ulipoanzia hapo mwaka wa 1969. Kazi ya kuandika nani kapewa nambari ipi ilimwangukia, naye hakuiacha hadi kufa.

Septemba 1981 zilichapishwa kanuni alizozihariri, zikiamua kwamba kila anwani iwe na biti 32, zinazoandikwa kwa mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta. Hesabu hiyo hutoa anwani bilioni 4.3 hivi. Wakati huo ulionekana utajiri usiokwisha, hata baadhi ya taasisi za Marekani zikamegewa zaidi ya milioni 16 kila moja. Afrika haikuwapo kwenye foleni. Herufi za .ke, zinazotambulisha tovuti za Kenya, zilisajiliwa Aprili 1993 tu, chini ya usimamizi wake Postel.

Mamlaka yake yalitegemea kuaminiwa, si sheria. Januari 28, 1998, aliwaandikia wasimamizi wanane wa seva kuu, zile zinazoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, wafuate mtambo wake badala ya ule wa kampuni iliyopewa kandarasi na serikali ya Marekani. Wote walitii. Serikali ilighadhibika, naye akarudisha mambo yalivyokuwa, akieleza kwamba lilikuwa jaribio. Ni wachache walioamini.

Alifariki Oktoba 16, 1998, akiwa na umri wa miaka 55, kufuatia matatizo ya upasuaji wa moyo, huku shirika la ICANN likiundwa kurithi kazi yake.

Akiba ya anwani za biti 32 ilimalizika Februari 3, 2011, mafungu ya mwisho yakigawiwa mashirika matano ya kanda, likiwemo AFRINIC la Mauritius. Anwani mpya za biti 128 zilikwisha kubuniwa tangu 1995, lakini kuhamia huko kumekuwa kwa mwendo wa kobe. Ndiyo maana wageni wote wa hoteli moja ya Diani huweza kuonekana nje kwa anwani moja, mithili ya mtaa mzima unaotumia sanduku moja la posta.