Jean Monnet: Muuza brandi aliyefungua soko la makaa ya mawe

COGNAC ni mji wa magharibi mwa Ufaransa unaoishi kwa zabibu na brandi. Neno letu konyagi asili yake ni jina hilo. Huko ndiko alikozaliwa Jean Monnet, Novemba 9, 1888, mtoto wa mfanyabiashara wa brandi. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akapelekwa London kujifunza biashara, kisha akaenda Canada kutafuta wateja. Chuo kikuu hakukanyaga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alikabidhiwa mpango wa kufufua uchumi wa Ufaransa. Viwanda vya chuma vilihitaji makaa ya mawe ya Ruhr, Ujerumani, ambayo yaliuzwa kwa bei mbili: nafuu kwa mteja wa ndani, ghali kwa wa nje. Na hao walikuwa majirani waliopigana mara tatu tangu 1870.

Monnet aliandaa pendekezo lililotangazwa na Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Schuman, Mei 9, 1950. Makaa na chuma viwe chini ya chombo kimoja ambacho uamuzi wake unazibana serikali zenyewe. Nchi sita zilitia saini mkataba Aprili 18, 1951. Ushuru wa forodha, ruzuku na bei za upendeleo vilipigwa marufuku. Monnet akawa rais wa kwanza wa chombo hicho, na Februari 1953 soko la makaa likafunguliwa.

Ushuru uliondoka, lakini reli ikabaki kikwazo, na hapa wasafirishaji wa mpakani watanielewa. Behewa lilipovuka mpaka, nauli ilihesabiwa upya kana kwamba safari ndiyo inaanza, hivyo mwenye mzigo alikosa nafuu ya masafa marefu. Nauli ya moja kwa moja ilipatikana mwaka 1955, mwaka ambao Monnet aliondoka madarakani.

Wapo walioumia. Migodi ya Ubelgiji ilikuwa na gharama kubwa mno, na ingawa wachimbaji wa Ujerumani na Uholanzi walichangishwa kuisaidia kwa miaka mitano, mingi ilifungwa baadaye.

Monnet alifariki Machi 16, 1979. Mkataba wake haukugusa umeme wala gesi. Sheria za Ulaya za kufungua masoko hayo zilipitishwa 1996 na 1998. Wenyewe ulimaliza muda wake wa miaka 50 Julai 23, 2002.