Okot p'Bitek na Mmea wa Maboga

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi, ambao makazi yao yanavuka mpaka hadi Sudan Kusini. Mwaka 1953 alichapisha Lak Tar, riwaya yake ya Kiacholi. Baadaye alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda. Akabaki huko akasomea ualimu, sheria, na hatimaye mila za jamii katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Utungo uliomjulisha kwa ulimwengu, Song of Lawino, ulitoka mwaka 1966. Msemaji wake ni mke anayedharauliwa na mume msomi. Hoja zake hukaa ndani ya vitu vya nyumbani. Saa, ambayo kwa mume ni alama ya ustaarabu, kwake ni bwana anayeamrisha watu wale hata wasipokuwa na njaa. Vitabu vya mumewe ni msitu ambamo mtu hupotea.

Ishara kuu ni mmea wa maboga. Methali ya Kiacholi hukataza kuung'oa katika boma la kale, kwa kuwa huendelea kuzaa hata baada ya wenyewe kuhama. Methali hiyo haikatazi kupanda kipya. Hukataza uharibifu usio na faida.

Hapa tuangalie upatanisho wa kisarufi. Boga limeiva: hilo ni tunda. Mboga imepikwa: hicho ni kitoweo. Mboga umeng'olewa: huo ni mmea, wenye wingi miboga. Ishara ya Okot imo katika ngeli ya U-I, kwa maana kinachong'olewa ni chenye mizizi. Mwanafunzi akikosea kiambishi, hupoteza na maana.

Okot aliongoza jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala, akapoteza wadhifa huo, akaishi Kenya na kufundisha Nairobi. Alirejea Makerere mwaka 1982, akafariki mwaka huohuo. Taban lo Liyong, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Juba, aliutafsiri upya utungo ule kutoka Kiacholi.

Mwalimu wa Kiswahili atakayepangiwa Bilpam, mjini Juba, atawakuta watoto waliokuja na Kibari, Kidinka, Kinuer au Kiarabu cha Juba kutoka nyumbani. Tunampa wajibu mmoja: apande Kiswahili kando ya lugha hizo, bila kung'oa hata moja.